Kisigino cha Ersilia Vandoni

Mheshimiwa Meya, Baba Paroko, Profesa Lamberti, uliyetunga maneno ya kibao, Bibi Zelinda, uliyemvalisha Ersilia Vandoni tangu jukwaa la kwanza hadi la mwisho, mabwana na mabibi wa viti vya mahameli, na ninyi wenzangu wa kule juu karibu na dari, mnaojua kuzomea kuliko hawa wa chini wanavyojua kupiga makofi:

Mimi, Alcide Boccaletti, nina miaka themanini na mitatu. Nimeona mwisho wa wafalme wawili na vita viwili, nimezika wake wawili, na madaktari wanne walionikataza mafuta ya nguruwe. Shule niliiacha darasa la pili, na shule haikulalamika. Hotuba hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo mkiona nasita, si machozi, ni mwandiko.

Mmeniita nivute kitambaa kilichofunika kibao cha marehemu Ersilia. Mmechagua vizuri, maana mvutaji ni mimi. Lakini nani huyo aliyenunua kitambaa cha zambarau? Zambarau ndani ya jumba la opera! Rangi ya Kwaresima, msimu ambao majumba yalifungwa na waimbaji wakalala njaa! Ersilia angekiona angerudi kwao kwa miguu, na leo mngebaki kuimbiwa na Meya.

Vijana hamjui kazi ya kuvuta. Zamani zile santuri ilitengenezwa bila umeme. Mwimbaji aliimba ndani ya pembe kubwa ya bati, na sindano ikachora sauti yake kwenye nta. Sauti ndogo haikuchora kitu. Sauti kubwa ilirarua nta. Na sauti ya Ersilia, ndugu zangu! Alipofanya mazoezi dirisha likiwa wazi, ng'ombe walinyamaza hadi ng'ambo ya mto. Ndipo akatakiwa mtu wa kumshika kiuno kwa nyuma, amsogeze karibu na pembe kwenye maneno ya chini, amvute nyuma kwenye noti za juu. Mtu huyo ni mimi. Santuri kumi na moja tulitoa, mimi na yeye. Ndiyo, nasema tulitoa! Cheka tu, Meya, wewe umetoa ngapi?

Noti sijui kuzisoma. Kwa hiyo tulipatana: noti ya juu ikikaribia, ananikanyaga mguu wa kushoto kwa kisigino, nami navuta. Kila mara kabla ya kuanza aliniuliza, "Alcide, mguu upo?" Nami nikajibu, "Upo, Bibi."

Ikaja Novemba ya mwaka 1911, kule Milano, santuri ya kumi na mbili. Nta ilibaki moja, na wapiga vinanda walikuwa na treni ya kuwahi. Asubuhi ile nilivaa viatu vipya vya ngozi ya ndama, rangi ya asali. Vya kwanza vipya maishani mwangu. Kabla ya hapo nilivaa vya kaka zangu, vidole vikichungulia.

Zelinda akaviona. "Ala! Alcide, umeoa au umeiba?"

"Nimependeza," nikamwambia. "Kufa kwa wivu."

Ersilia akauliza, "Mguu upo?" Nikasema upo. Uongo! Kisigino kilipoinuka, mguu wangu niliurudisha nyuma. Kikagonga ubao: ko! Nikashtuka, nikamvuta kama ndama aliyetumbukia mferejini, hatua tatu badala ya moja, na noti kubwa kuliko zote alizopata kuimba akaiimbia dari. Kwenye santuri inasikika kama mtu anayeita kutoka kisimani.

Mkuu wa chumba cha kurekodia akauliza, "Bibi, kulikoni?" Ersilia akavitazama viatu vyangu, akanitazama mimi. "Sauti imenikatika," akasema.

Nikamfuata ngazini. "Bibi, nitawaambia ukweli."

"Ukiwaambia, kesho wanaajiri mvutaji mwingine. Mimi nina majumba ya opera. Wewe una nini, mwanangu? Viatu." Akacheka mpaka akashika ukuta.

Majumba hayakumwita tena. Wenye majumba walisikiliza ile santuri wakasema, huyu basi. Akarudi hapa kufundisha kwaya ya watoto miaka ishirini na sita, na kila tulipokutana sokoni aliniuliza, "Alcide, mguu upo?" Upo, Bibi. Kisha naingia kilabuni kujisifu kwa zile kumi na moja. Ya kumi na mbili sikuitaja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mimi, kama mnavyoniona, kifo kimeshaniulizia kwa jirani.

Sasa Profesa umechonga kwenye marumaru: "Sauti yake ilikwisha mwaka 1911." Na katika kitabu chako juu yake umeandika kwamba ile "ko" ni ufa wa santuri. Ufa! Umesoma vyuo vitatu, hujui sauti ya kisigino cha mwanamke aliyeudhika? Uongo wa mdomoni mwangu nitazikwa nao. Uongo wa jiwe atauzika nani?

Kwa hiyo sivuti. Meya, usiitazame saa. Sivuti mpaka mstari ule ufutwe, na patasi ninayo, hii hapa kwenye koti la harusi yangu ya pili. Anayeona nasema uongo, Bibi Zelinda yule pale, alisimama mlangoni siku ile. Muulizeni, na mjiandae kutukanwa. Na shahidi wa pili yumo ndani ya santuri. Baba Paroko, gramafoni hiyo kando yako, weka sindano kwenye ile ya kumi na mbili. Nawashukuru kwa masikio mliyonipa. Sasa mpeni yeye. Nyamazeni, mtasikia kisigino kikiutafuta mguu wangu.

Bibi, mguu upo.