Taa ya Mlango wa Nyuma

Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao lililoegemea ukuta wa duka la fundi friji, mkabala na ofisi ya tiketi za ndege. Kahawa huuzwa hapo hapo na mama mmoja ambaye wote humwita Shemeji, ingawa hakuna anayekumbuka ameolewa na ndugu wa nani. Siku hiyo Breki, dereva mstaafu wa malori, alikuja na begi lake kubwa akalibana katikati ya miguu. Binti yake, aliyeolewa mbali na mwanamume ambaye Breki hakumtaka, alikuwa amejifungua, akamtumia baba yake tiketi bila neno hata moja la lawama. Harusini Breki hakukanyaga. Sasa ndege ilikuwa imeruka naye mara mbili, juzi na jana, na mara zote mbili taa ya kuonya kuwa mlango wa nyuma uko wazi ikawaka angani, rubani akageuza. Moyoni Breki alishukuru mara zote mbili, na shukrani hiyo ilimuudhi kuliko taa yenyewe.

— Huo mlango ulikuwa wazi? akauliza Fundi Friji.

— Umefungwa ndi! Mafundi wameukagua, wamebadilisha na kile kidude kinachotambua kama umefungwa. Jana tumeruka, taa hiyoo!

— Basi ni mpira wa pembeni. Friji ikikataa kushika mlango, ujue mpira umekakamaa. Wangeniita mimi, ningeupitishia maji ya moto, kazi imekwisha.

— Ndege nzima uipitishie maji ya moto? Sindano, fundi cherehani, alicheka hadi kahawa ikamwagika. Hebu acheni utani. Zipu ikikwama, usiilaumu zipu, tazama bitana. Hapo kuna mtandio wa abiria umebanwa na mlango.

— Mafundi wameingia na tochi, Sindano. Mtandio wangeuona, akasema Breki.

— Tochi zao zina betri mpya?

Breki alikohoa, akajiweka sawa. Malori alikuwa ameyaendesha maisha yake yote, na suala la taa zinazowaka hovyo alilihesabu kuwa lake.

— Nisikilizeni. Kule juu ni baridi. Chuma kinasinyaa, waya unaachia, taa inawaka. Mkitua, joto linarudi, waya unashika tena. Mafundi wakija hawaoni kitu.

— Ahaa! Fundi Friji akasimama. Kwa hiyo waikague ikiwa ndani ya friji! Wajenge friji la kuenea ndege. Gesi ninayo.

— Na umeme utalipa wewe? akauliza Shemeji.

Sindano akawasogelea, akapunguza sauti.

— Mimi nawaambia ndege haina kosa. Ndege za siku hizi zina akili. Zinampima kila anayeketi. Zikikuta mmoja hataki kwenda, zinawasha taa.

Benchi zima likaangua kicheko. Breki alicheka wa mwisho, tena kidogo.

Hapo akatokea mwanamke mwenye begi, akiwa anatoka ofisi ya tiketi. Ndiye aliyekaa kiti cha jirani na Breki safari zote mbili.

— Mzee, tumepona! Wamekuta waya umechubuka, wamebadilisha. Asubuhi wameirusha tupu, rubani na mafundi peke yao, taa haikuwaka. Tunaondoka alasiri.

— Tupu? Breki akaruka. Hata lori bovu likiwa tupu linapanda mlima! Waipakie mchanga kwanza. Waikague wiki nzima.

— Wiki mbili, akasema Fundi Friji.

— Mwezi, akasema Sindano. Na mishono yote.

Mwanamke akapokea kahawa, akaipuliza, akawaacha wamalize.

— Kule unapokewa na nani, mzee?

— Binti yangu.

— Jana alikungoja uwanjani mpaka saa ngapi?

Fundi Friji akamtazama Sindano. Sindano akatazama kikombe chake. Breki hakuwa amempigia simu, si jana wala juzi. Aibu ikampanda usoni, maana picha ilimjia bila kuitwa: binti yake amesimama pale wanapotokea abiria, kichanga begani, watu wanaisha mmoja mmoja.

— Sijui, akasema.

Akainuka na begi lake.

— Na ule mchanga? akauliza Fundi Friji.

— Pakia friji zako.

Shemeji akamwita amalizie kahawa, lakini Breki alikuwa ameshavuka barabara, begi mkono huu, simu mkono ule. Alisimama mbele ya ofisi ya tiketi, na kwa kuwa siku zote huzungumza kama mtu anayeshindana na ngurumo ya injini, benchi zima lilimsikia.

— Haloo? Ni baba.