Mwalimu Nurdini na Moto wa Ruwimbi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, anayetoa uhai na kuuchukua kwa wakati autakao, ndugu, jamaa, majirani, walimu na wanafunzi mliofika hapa Nyamtopa, assalaam aleikum, na walioko nyuma ya turubai wasogee, kwa sababu spika imegoma na haya yatakayosomwa hayafai kusikiwa nusunusu. Msomaji ni Twalibu Ngwele, mjomba wa marehemu, na amepewa kazi hii baada ya wengine watatu kupewa karatasi asubuhi, wakaisoma vizuri mpaka walipofika katikati, wakairudisha, mmoja akisema ana mafua.

Marehemu Mwalimu Nurdini Miraji Mbonde alizaliwa tarehe 9 Mei 1976 hapa hapa Nyamtopa, kata ya Dimani, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Miraji Mbonde, aliyeketi hapa mbele yetu, na marehemu Bibi Mwanamina Ngwele, dada wa msomaji. Alizaliwa miaka miwili baada ya watu wa Ruwimbi, kule bondeni, kupandishwa huku juu kwenye kijiji kipya, kwa hiyo yeye hakuwahi kulala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo familia ilikaa msimu mzima kulinda mpunga usiliwe na nguruwe na ndege. Bonde alilijua kwa kusimuliwa, tena kidogo, maana nyumbani kwao habari za Ruwimbi zikianza tu, mzee alikuwa anakumbuka kazi yake ya nje na kutoka.

Alisoma Shule ya Msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1984 hadi 1990, na darasa la sita alichapwa viboko kwa kumuuliza mwalimu kwamba huyu aliyeandika kitabu cha historia, vita vilipokuwa vinapiganwa, yeye alikuwa amekaa wapi. Kiboko hakikumfaa kitu. Aliendelea na sekondari mkoani Lindi kuanzia 1991 hadi 1994, kidato cha tano na cha sita hadi mwaka 1997, kisha chuo cha ualimu Mtwara, akahitimu stashahada mwaka 2000 katika masomo ya Historia na Kiswahili.

Tarehe 2 Julai 2001 aliajiriwa kufundisha Historia katika sekondari moja Ikwiriri, na Januari 2008 alihamia sekondari yetu ya kata, ambako amefundisha mpaka mwili ulipomkatalia. Wenzake wanasema somo lake halikuanza na kitabu, kitabu kilikuja siku ya pili au ya tatu, siku ya kwanza Mwalimu aliingia na kitu mkononi, kinu kilichopasuka, kipande cha sahani ya bluu kilichofukuliwa shambani, picha ya watu wasiojulikana, akakiweka mezani, akawaacha watoto waulize. Mwanafunzi akisema kinu hiki ni cha zamani, aliulizwa umejuaje, akisema kilikuwa cha mtu mwenye uwezo, aliulizwa umejuaje, mpaka mtoto aliyezoea kunakili ubaoni ajikute amesimama anatetea neno lake mbele ya wenzake kama yuko mahakamani. Ndiyo maana wanafunzi wake walimwita Umejuaje, na jina hilo lilimfuata hadi sokoni Bungu, akiuliza bei ya nyanya, muuzaji anamuuliza yeye kwanza amejuaje kuwa hizi ni nyanya.

Tarehe 14 Desemba 2003 alifunga ndoa na Bi Hajira wa Bungu, na hata hapo hakuacha mambo yake, kwani mshenga aliporudi na habari njema kwamba binti ameridhia, Nurdini alimuuliza amejuaje, na aliposikia kuwa jibu lilitoka kwa baba wa binti, alimrudisha mshenga wa watu Bungu juani, akamuulize mwenyewe. Bi Hajira anasema alikubali kwa sababu hiyo, vinginevyo alikuwa na shaka naye, kwa vile alikuwa mwembamba mno. Mungu aliwajaalia watoto watatu, Safina, aliyezaliwa mwaka 2005, Khamisi, mwaka 2008, na Yasmin, mwaka 2014.

Sasa tunafika mahali ambapo wasomaji watatu walipata mafua. Kikao cha familia cha asubuhi kiligawanyika, wengine walitaka sehemu hii irukwe, tuseme alifundisha kwa bidii na kupendwa na wote, basi, tukaswali. Bi Hajira alisema kwamba mkiruka hapo mnamzika mtu mwingine. Wote tukamwangalia Mzee Miraji, naye hakusema soma wala hakusema usisome, alichukua fimbo yake akatoka nje, kwa hiyo kilichofuata kilikuwa kelele, na kelele hizo zilikwisha kwa namna ambayo itaelezwa mwishoni.

Wenyeji mnajua, ila wageni kutoka Dar es Salaam wafahamishwe, kwamba kwetu kaburi la mtu huchimbwa na watani wake, hao ndio wenye jembe, ndio wenye ruhusa ya kumtania maiti na kumchekesha mfiwa, na watani wa ukoo wa Mbonde tangu enzi za bondeni ni ukoo wa Mkumba. Lakini tangu watu walipohamia huku juu, hakuna Mkumba aliyekanyaga msiba wa Mbonde, makaburi yetu yamechimbwa na majirani na vijana wa mpira, hata Bibi Mwanamina alizikwa hivyo, na sisi tulijiambia kuwa utani umekufa wenyewe, kama mambo mengi ya zamani yalivyokufa.

Mwezi Aprili 2018 Mwalimu Nurdini alikuwa anafundisha Kidato cha Pili habari za vijiji vya ujamaa, na kitabu kilikuwa na sentensi moja tu kuhusu wananchi kuhamia vijijini. Aliandika ubaoni maswali yake, nani alihama, nani alihamishwa, na umejuaje, akawatuma watoto kwa wazee wao, kila mmoja arudi na masimulizi mawili yasiyokubaliana. Bi Hajira alimwonya, akamwambia miaka hii watu wa Kibiti, wilaya yetu, wametoka kwenye hofu ya mauaji, mtu akiulizwa nani aliishi wapi na alikwenda wapi anafunga mlango, na kweli milango ilifungwa, wazazi wawili walikuja shuleni wakiuliza mwalimu huyu anamtafutia nani habari. Yeye alijibu kwamba anawatafutia watoto wao.

Jumanne, tarehe 17 Aprili 2018, alisimama binti mmoja, Sabra Mkumba, akasema kwamba amemuuliza bibi yake, Bibi Semeni, kwa nini ukoo wao hauendi kuchimba makaburi ya akina Mbonde, na bibi amesema kuwa watu wa Ruwimbi walipokataa kuondoka bondeni, madungu yao yalichomwa moto, mbegu ya mpunga ikiwa ndani, njaa ikaingia, na mtoto wake wa kunyonya, Hemedy, hakufika mavuno, na aliyeshika kiberiti alikuwa balozi wao wa nyumba kumi, mtani wao, Miraji Mbonde. Darasa lile lilikuwa na wanafunzi zaidi ya arobaini, na wote walijua Miraji Mbonde ni baba wa nani. Wanaosimulia wanasema Mwalimu aliweka chaki mezani ikaanguka, hakuiokota, na watoto wakangoja afanye kile ambacho mtu mzima yeyote angefanya, awaambie wafunge madaftari.

Alimuuliza Sabra amejuaje, kwa sauti ileile ya siku zote, na binti akajibu kwamba bibi aliona kwa macho yake, maneno yake yalikuwa, "Mie sikusimuliwa, mie n'likuwa nimebeba mwana mgongoni, n'kamwita Miraji kwa jina lake, hakugeuka." Mwalimu akasema huo ni ushahidi wa mtu aliyekuwepo, na tutauheshimu, akaongeza kwamba yupo mtu wa pili aliyekuwepo, na huyo atakwenda kumuuliza yeye mwenyewe.

Alikwenda siku ileile. Mzee Miraji alikuwa anasuka mkeka ukumbini, Nurdini akapiga goti kama mtoto wa adabu, akamsalimu, akamuuliza. Mzee hakukana wala hakukubali, alimwambia, "Toka hapa, na usirudi na swali hilo nikiwa hai," na kuanzia siku hiyo salamu ya mwanawe hakuiitikia tena. Wiki iliyofuata Mwalimu aliitwa ofisi ya kijiji, akaambiwa anafukua mambo yaliyokwisha kuota nyasi, nyumba yake ikarushiwa mawe, Safina akatengwa na wenzake kisimani, na ndugu zake wa damu walimwomba aseme darasani kwamba Bibi Semeni ni mzee na amechanganya mambo. Kusema hivyo kungemrudishia baba yake. Bi Hajira anasema siku zile mumewe alikuwa halali, anakaa kitandani anashika kichwa, na kuna alfajiri moja alivaa shati lake la shule akiwa ameamua kusema hivyohivyo walivyomwomba.

Alipofika darasani alikuta mwanafunzi mwingine, Mudy, ana masimulizi ya babu yake, kwamba kabla ya moto kufika kwa akina Mkumba, balozi Miraji aliambiwa na wakubwa waliokuja kuwahamisha aonyeshe mfano, akalichoma kwanza dungu lake mwenyewe, na mkewe akiwa amesimama palepale na vyungu vyake kichwani. Msomaji huyu ni kaka wa mke huyo na hakuwahi kuambiwa. Mwalimu aliandika ubaoni maswali mawili, nani alichoma, na kwa nini alichoma, akawaambia watoto kwamba jibu la swali la pili halifuti jibu la swali la kwanza, na atakayelifuta hilo la kwanza atamkuta yeye mwenyewe amesimama mlangoni. Shati lile alirudi nalo nyumbani limelowa jasho, na hakusema lile alilokwenda kulisema.

Kila Ijumaa baada ya swala alikwenda kwa baba yake, akatoa salamu isiyoitikiwa, akakaa kidogo, akaondoka, na hilo liliendelea miaka yote hadi ugonjwa ulipoanza. Mwezi Machi 2023 alianza kuvimba miguu, akapimwa, figo zikaonekana zimechoka, akaanza kusafishwa damu Dar es Salaam. Tarehe 3 Agosti mwaka huu alilazwa, na hapo Mzee Miraji, bila kumwambia mtu, alipanda basi, akafika wodini na fimbo yake, akaketi. Nurdini alimuuliza swali lilelile, na aliyekuwepo ni Bi Hajira, naye ndiye shahidi wetu kwamba mzee alilia, akamwambia mwanawe, "Yote ni kweli, mwanangu. Ukipona n'tasema mbele ya watu." Mwalimu akacheka, akamwambia, basi baba, hiyo inabidi nipone. Hakupona. Alifariki Jumatano, tarehe 20 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, ameacha mjane, watoto watatu, baba, ndugu, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole mpaka pumzi ya mwisho, majirani waliokesha nasi, wapishi wanaopambana na moshi huko nyuma, walimu wenzake waliobeba vipindi vyake kwa zaidi ya miaka miwili, na Mwalimu Sabra Mkumba, ambaye leo anafundisha Historia Bungu, na ambaye tangu asubuhi amekuwa akienda na kurudi kati ya nyumba hii na ya bibi yake.

Mmekuwa mkinong'ona kwa nini kaburi limepimwa na halijachimbwa, na Alasiri inakaribia. Kelele zetu za asubuhi zilikomeshwa na habari kwamba Mzee Miraji, alipotoka kikaoni, alikwenda makaburini, akawanyang'anya vijana majembe, akasema wenye kaburi hili wanajulikana, akatuma waitwe. Akina Mkumba wamekuja, mnawaona wamekaa pale pembeni, hakuna aliyetania na hakuna aliyegusa jembe, na Bibi Semeni yuko ndani na kina mama, ametuletea neno moja tu, kwamba hakuja kusomewa karatasi na Twalibu, amekuja kumsikia Miraji.

Kwa hiyo msomaji anaishia hapa, na kina mama wafungue mlango ili Bibi Semeni asikie. Lala, Mwalimu wetu, lala kwa utulivu, Mungu akupe nuru huko uendako. Jamani, mpisheni mzee, anasimama.