Mgongo Mzima, Figo Je?

Benchi la nje ya kibanda cha kahawa cha Mak Itam, mjini Pontianak, Indonesia, lina wenyewe. Ukutani hukaa Jumadi, aitwaye Redio kwa kuwa hazimi. Mkabala naye Asau fundi saa, aitwaye Wakili kwa kesi asizoshinda. Katikati ni pa Hambali, fundi rangi, ambaye watu humwita Bang, yaani kaka. Asubuhi hiyo Hambali aliketi bila salamu, akakisukuma kikombe hadi kahawa ikamwagika. Mwaka juzi alianguka kwenye ngazi, akapigwa CT scan ya mgongo, akaambiwa yuko salama. Sasa anakojoa damu, na jana alirudi hospitali.

— Wamesemaje, Bang? Redio akauliza.

— Figo. Uvimbe kama yai la bata.

— Astaghfirullah!

— Ngoja, bado. Daktari wa jana kafungua picha ya mwaka juzi. Uvimbe ulikuwemo, mdogo kama karanga! Mtaalamu wa picha aliuona, akaandika huyu mtu afuatiliwe.

— Akamwandikia nani? akadakia Wakili.

— Daktari wa mifupa. Naye katazama mifupa tu, kaniambia, "Mgongo mzima, kapake rangi." Nikamshukuru! Nikampelekea ndizi za kukaanga!

— Na dokta Wahyuni wa zahanati? Si anakupima presha kila mwezi?

— Hakuletewa hata neno. Nimempitia kumwambia. Akalia mbele ya wagonjwa.

Wakili akapiga meza.

— Ni makusudi! Wanauacha uvimbe uive kama tunda la durian, uanguke wenyewe, waokote pesa!

— Acha zako, akasema Redio. Mashine ndiyo inapanda uvimbe. Shemeji yangu kapigwa picha ya goti, katoka na jiwe.

— La gotini?

— La nyongo, bwana! Lilihama!

— Basi wamegawana mwili kama wapiga debe wanavyogawana kituo. Wa mifupa akigusa figo, anapigwa!

— Kausheni! Hambali akanguruma. Mimi nakufa, nyie mnanogesha kahawa? Hakuna aliyepanda kitu. Mmoja aliona, mwingine akapuuza, mwenye figo hakuambiwa. Na namba yangu walikuwa nayo! Walinipigia kuniuliza kama huduma ilinifurahisha!

Mak Itam akafuta kahawa iliyomwagika. Mwisho wa benchi aliketi mgeni, dereva wa lori la mchanga, shingo imefungwa.

— Samahanini, wazee. Juzi niligonga mti, wakanipiga picha ya kichwa. Wanasema hakuna kilichovunjika. Sasa nitajuaje kama hawakuona kingine?

Hambali alimtazama yule mtu, akajiona mwenyewe mwaka juzi, ana furaha, anakimbilia kazini. Akachukua funguo za pikipiki.

— Panda.

— Twende wapi, Bang?

— Kwa daktari wako. Akusomee yote waliyoandika, hadi neno la mwisho. Mimi nasimama mlangoni.

Hospitalini akasimama kweli. Mlinzi alimwomba aondoke, akagoma. Ndani, daktari alisoma yote kwa sauti: hakuna kingine kilichoonekana. Kusoma kwenyewe kulichukua muda mfupi kuliko kikombe cha kahawa kupoa.

Dereva akatoka akicheka, akamkumbatia. Hambali naye akacheka kidogo. Kisha akageukia ukuta, akaupiga ngumi, akalia.