Kifuko cha Wimbi na Baluni za Pinki

Ilianza Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, saa nne asubuhi, katika uwanja mmoja pale Kitale. Saa naikumbuka kwa sababu Mama aliniuliza, "Ni saa ngapi?" Nikamwambia ni saa nne kamili. Akashusha pumzi, akasema, "Basi hatujachelewa."

Ndugu zangu, kina mama, na nyinyi kina baba wachache mlioketi karibu na mlango kana kwamba mnataka kutoroka, nawasalimu. Nitasoma. Mwenyekiti wa kikundi hiki cha wagonjwa wa saratani aliniambia niongee tu kutoka moyoni, lakini mimi nikiona nyuso za watu maneno yanarudi tumboni. Hata darasani, mwalimu akiita majina, jirani yangu wa dawati ndiye hunijibia, "Yuko!" Kuandika ndiyo naweza. Kila jioni naandika yaliyotokea, na haya niliyaandika yakiwa bado yanachoma. Sitataja jina la mtu yeyote. Wenyewe watajijua.

Niko kidato cha tatu, shule ya kutwa upande wa Kiminini. Mama yangu ndiye yule wa kilemba cha kijani, safu ya pili. Mama, usiiname. Ulisema nisome.

Nilipokuwa kidato cha kwanza Mama alikatwa titi moja. Najua hapa wengi tunasema "kifua" kwa heshima, lakini leo nitasema titi, kwa sababu hakukatwa kifua. Aliporudi nyumbani hakutaka kwenda kanisani, gauni zilikuwa zinalala upande. Kukhu, nyanya yangu mzaa mama, akaja kutoka kule Bungoma na sindano na uzi. Akakata pembe ya leso yake ya zamani, akashona kifuko cha duara, akakijaza wimbi ya shamba lake, ile nafaka ya uji. Akakipima kwa kiganja, akaongeza kidogo, akapima tena. "Pamba ni nyepesi, inapanda juu mpaka shingoni," akasema. "Wimbi inakaa. Ina uzito kama mtu."

Kina mama mnaocheka, najua mnaelewa. Mama akawa anakivaa ndani ya sidiria, na jua likiwaka tunakianika. Siku moja alinyeshewa akitoka sokoni, akasahau kukianika, na baada ya siku chache kikaanza kuota. Majani kabisa! Kukhu akacheka kwa simu mpaka salio likaisha. Kwa hivyo msidhani kwetu ilikuwa kulia tu.

Baadaye ugonjwa ulirudi, sasa ukiwa kwa mfupa wa mgongo. Daktari alimwambia wazi: hii hatutaimaliza, lakini kwa dawa tunaweza kuizuia, na unaweza kulea watoto wako. Kila baada ya wiki tatu, dawa. Mama akakubali. Alikuwa anaenda bila kukosa, amebeba chapati zake kwa kitambaa.

Sasa ile Jumamosi. Mama alikuwa amepigiwa simu ati aje akae na wageni wa heshima kwa kampeni ya saratani ya matiti. Alifua gauni ya kitenge, akaipiga pasi mara mbili. Tukakaa viti vya mbele, chini ya hema. Kila mtu akapewa tishati ya pinki. Mama akaikunjua asome. Iliandikwa kwa herufi kubwa: OKOA MAPAPAI.

Akaikunja tena polepole, akaiweka mapajani.

Emsii, yule wa kuongoza sherehe, alikuwa kijana wa sauti nzuri, mchangamfu. "Kitale! Mapapai yako salama?" Vijana wakajibu, "Yako salama!" Kisha akaita wanawake wakimbie mashindano. Kila mmoja apewe baluni mbili za pinki, aziingize ndani ya tishati, akimbie mpaka kwa kamba na kurudi. Wakakimbia. Baluni ya mmoja ikapasuka, pa! Emsii akaruka juu: "Woi! Huyu amebaki na moja! Nani atamtaka sasa?"

Ndugu zangu, uwanja mzima ulicheka. Nikamtazama Mama. Alikuwa ameshika kifuko juu ya gauni, vile mtu hushika mtoto penye watu wengi.

Kabla hatujapumua, akaja mama mmoja wa waandalizi na kadi. "Mama yangu, wewe utapanda usome tu hapa." Kadi ilisema: Nilipimwa mapema, nikapona.

"Lakini mimi sijapona," Mama akasema. "Ugonjwa umerudi. Niko kwa dawa."

"Na vile unaonekana mzima!"

"Ni hiyo dawa."

Yule mama akainama karibu. "Sasa, hiyo leo tuiache, sawa? Tusiogopeshe watu. Leo ni siku ya kusherehekea."

"Na mimi nisherehekee nini?" Mama akamuuliza. Hakuwa anamgombeza. Alitaka kujua.

Wakati huohuo emsii alikuwa anapaza sauti: "Saratani haiui mtu! Kinachoua ni kuchelewa! Ukichelewa, umejitakia mwenyewe!"

Nawaambia, Mama hakuchelewa. Alihisi uvimbe ndugu yangu mdogo akiwa bado ananyonya. Akaenda zahanati, akaambiwa ni maziwa yameganda, akande kwa maji ya moto. Akarudi, akapewa dawa ya maumivu. Akarudi mara ya tatu, akaambiwa, "Mama, wewe nawe unapenda hospitali." Alipotumwa hospitali kubwa, uvimbe ulikuwa umeshafanya kazi yake. Huyo ndiye aliyejitakia?

Mama aliacha kadi juu ya kiti. Tukaenda nyumbani.

Lakini maneno ya spika yalitufuata. Jumapili wakaja wamama wa kanisa na sukari na mkate. Mmoja alikuwa Kitale siku ile. Akapuliza chai yake, akauliza, "Na wewe, kwani ulikaa nayo muda gani bila kusema? Si walisema ukiwahi unapona?" Mama akamwongezea chai. Walipoondoka, akaingia chumbani, akatoka na kifuko, akanipa.

"Mwagia kuku."

"Mama?"

"Ni wimbi tu. Mwagia kuku."

Sikuweza. Nikakificha mfukoni mwa sketi ya shule, na tangu siku hiyo nikawa natembea nacho.

Siku ya kliniki ikafika, Mama hakutoka kitandani. Baba akamsihi, akakasirika, akatoka nje kupasua kuni ambazo hatukuhitaji. Mama akasema akiwa amegeukia ukuta, "Kama nilijitakia, nisumbue daktari ya nini? Wacha nafasi ipewe mwenye hakuchelewa." Siku ya pili ya kliniki ikapita pia. Nesi akapiga simu, Mama akaizima. Mgongo ulianza kumuuma tena, akawa anashika ukuta akienda choo. Mimi nami nikavunjika moyo na yeye. Kitabu changu cha kila jioni nilikiacha wiki hizo. Nilikuwa nikikifungua naona sentensi moja tu: Mama anakufa kwa sababu ya mzaha.

Alhamisi moja baada ya chakula cha mchana, gari lenye spika likaingia shuleni kwetu. Nikaona rangi ya pinki, nikashika kifuko mfukoni. Emsii ni yuleyule. Tishati ni zilezile. Tukapangwa uwanjani, wavulana huku, wasichana huku, na naibu wa mwalimu mkuu akaanza kuchagua wakimbiaji. "Wewe. Na wewe. Na wewe mrefu, njoo."

Mrefu ni mimi.

Tukapewa baluni mbilimbili. Wenzangu wakaziingiza ndani ya sweta, hata jirani yangu wa dawati. Wavulana wakapiga mbinja. Mimi nikabaki nimezishika kwa kamba kama mtu anayeuza sokoni. Emsii akanikaribia na maiki. "Mrembo, mbona sasa? Weka tuanze!"

Nikatikisa kichwa.

"Anaogopa itapasuka!" akawaambia wavulana. Wakacheka.

Nikaachilia baluni. Nikatoa kifuko mfukoni, nikakiweka kwa mkono wake.

"Hii ni nini?"

"Wimbi."

"Wimbi? Ya uji?" Wakacheka zaidi.

"Ni ya mama yangu. Anavaa hapa." Nikagusa upande wangu wa kushoto. "Alikatwa. Amebaki na moja. Kitale uliuliza nani atamtaka. Tulikuwa tumekaa mbele yako."

Nilikuwa naongea kwa ile sauti yangu ya chini, lakini yeye alikuwa amesahau maiki kati yetu. Kila neno lilitoka kwa spika, likagonga ukuta wa maabara, likarudi. Sikuwahi kuisikia sauti yangu ikiwa kubwa hivyo. Hofu ilinishika, lakini nilikuwa nimeshaanza.

"Na hakuchelewa," nikasema. "Alienda zahanati mara tatu. Waambie hiyo pia."

Hakuwaambia. Alitazama kifuko, akanitazama. Jirani yangu wa dawati akaingiza mkono ndani ya sweta, akatoa baluni moja, kisha ya pili, akaziweka kwa nyasi. Halafu msichana mwingine. Halafu wote. Upepo ukazisukuma mpaka kwa mlingoti wa netiboli, na hakuna aliyezikimbilia.

"Sawa," emsii akasema. "Sawa. Wekeni wimbo." Akatia kifuko mfukoni mwake bila kujua anachofanya, na gari likaondoka nacho.

Naibu akaniita kando. "Umeaibisha wageni wa shule. Kesho usikanyage hapa bila mzazi."

Nilifika nyumbani nikamkuta Mama amelala kwa kochi. Nikasimama nyuma yake. "Mama, kesho natakiwa shuleni na mzazi."

Akageuka. "Wewe? Wewe hata kuku unawaomba ruhusa kupita! Umefanya nini?"

Nikamwambia yote. Akainuka, akaketi.

"Si nilikuambia umwagie kuku?"

"Ndiyo."

"Na sasa iko wapi?"

"Ameenda nayo."

"Nani?"

"Yule emsii."

Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, nikamshika. Kumbe ni kicheko, tena anashika mgongo kwa uchungu na hawezi kuacha. "Ati ameenda na titi langu Kitale!" Baba akaingia mbio kuona kuna nini. Ilikuwa zamani hatujasikia kicheko hicho.

Kisha akaacha, akafuta macho. "Kwa hivyo wewe pia ulisikia vile alisema. Nani atanitaka."

"Nilisikia, Mama."

"Mimi nilidhani nimesikia peke yangu. Kila mtu alikuwa anacheka." Akanitazama sana. "Nipe simu."

Akampigia Kukhu. Kukhu akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wimbi iko ghalani, nitashona ingine. Lakini kesho usijaze nguo. Nenda hivyo hivyo, wakuone." Halafu Mama akampigia nesi. Sikusikia yote. Nilisikia tu, "Ndiyo, kesho. Nisamehe kwa kuzima simu." Na nesi akamjibu kwa sauti iliyojaa chumba, "Samahani ya nini? Kuja tu, mama."

Sasa nishukuru, kwa sababu naona mwenyekiti anatazama saa. Kukhu, asante, wewe na sindano yako. Nesi ambaye hakuchoka kupiga simu iliyozimwa, asante. Jirani yangu wa dawati, asante kwa baluni ya kwanza. Baba, asante kwa kuni, tumezipikia. Na nyinyi wa kikundi hiki, mlimpokea Mama bila kumuuliza alikaa nayo muda gani.

Yule emsii simshukuru. Kifuko hajarudisha hadi leo. Akae nacho. Na ile tishati tunashikia sufuria moto, inafaa sana.

Msinisikie vibaya. Sisemi watu wasipimwe. Pimweni, na ukiambiwa ni maziwa na roho inakataa, rudi, na wakikuchoka, rudi tena. Ninachosema ni hiki: mwili wa mama yangu si mchezo wa baluni. Nyinyi waandalizi wa kampeni, mkitaka kutuandikia tishati, tuulizeni kwanza. Na mkipanga viti vya heshima, wekeni na kiti cha ambaye hajapona. Mimi sikuja kuwaambia Mama amepona. Hajapona. Yuko kwa dawa, na yuko safu ya pili, na leo asubuhi alinigombeza kwa sababu ya soksi.

Nimalizie na asubuhi iliyofuata.

Mama alioga, akavaa ile gauni ya kitenge ya Kitale. Upande mmoja ulijaa, upande mmoja ulilala. Nikamletea shali, akaitundika tena ukutani. Tukatembea katikati ya Kiminini, tukapita steji ya matatu na maduka, na watu wakimsalimia macho yalikuwa yanashuka. Yeye akajibu kila salamu, bila haraka.

Ofisini, naibu wa mwalimu mkuu aliinuka, akaanza kutazama dirisha. "Mama, ilikuwa tu mambo ya nidhamu..."

"Mwalimu, nitazame nikiongea na wewe."

Akamtazama.

"Mimi ndiye mzazi. Ndiye wa ile wimbi. Mtoto wangu anarudi darasani, na mimi nina kliniki, sitaki kuchelewa."

Akatoka. Nikamwona kupitia dirishani akivuka uwanja kwenda barabarani, amenyooka vile mgongo ulimruhusu, na kitambaa cha chapati mkononi. Nikaingia darasani mwalimu akiwa katikati ya majina, nikakaa. Akafika kwa langu. Jirani yangu akafungua mdomo anijibie.

"Niko," nikasema.