Enzi Tatu za Swala na Kibwagizo cha Jerusha

Mgeni rasmi, Kocha Henrik. Nahodha wa timu. Mwenye mkahawa huu wa Ruwais, hapa Jeddah, uliyetufungulia ukumbi wa familia. Wenzetu mliokuja kwa basi kutoka Riyadh. Mabibi na mabwana:

MAKARIBISHO

Sisi ni Wakenya tunaofanya kazi Riyadh na Jeddah: madereva, walinzi na wafanyakazi wa nyumbani. Ijumaa ndiyo siku yetu, kwa wale waliopewa siku. Timu yako wenye mji huiita Al-Reem. Sisi tunaiita Swala, kwa kuwa ndiyo maana yake na kwa kuwa jina hilo linaimbika. Karibu sana.

Mwenzetu Duncan anakutafsiria kwa Kiingereza. Tumemwonya asiongeze utamu. Aliuliza kama anaruhusiwa kupunguza uchungu, tukamwambia hapana.

TULIVYOINGIA BARAFUNI

Shabiki wa kwanza miongoni mwetu alikuwa Jerusha, ambaye wakati huu yuko jikoni anagawa chapati, kwa sababu, kwa maneno yake, risala humtia usingizi. Tunaomba aendelee kugawa, maana sehemu kubwa ya risala hii inamhusu na hajui.

Jerusha alifika uwanjani akiwa amewashika mikono watoto wa madam wake, waliotaka kuona mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Nje lami ilikuwa laini kwa joto. Mlangoni alikuwapo Titus, mlinzi, kijana wa Kakamega.

"Mama, huna sweta?"

"Sweta ya nini, na jua hili?"

"Sawa. Ukiganda nitakutoa na koleo."

Aliingia. Akaona uwanda mweupe chini ya taa, na watu wazima wakipita juu yake kwa visu miguuni, upesi kuliko farasi, wakikigombea kisahani cheusi ambacho tangu hapo tunakiita paki. Aliusikia mlio wa visu vile vikikata barafu wachezaji wanapogeuka. Watoto walimwomba juisi, hakuwasikia. Baadaye alimwambia Emmah, jirani yake wa chumba, kwamba alijiuliza ni nani aliyethubutu kuyaweka maji yasimame hivi katika nchi ambayo hata kivuli kina moto. Ijumaa iliyofuata alikuja na Emmah. Kisha wakaja wengine, na Riyadh nako wakaanza.

ENZI TATU

Mgeni rasmi, tumewaona makocha watatu wakiifundisha Swala, na wachezaji karibu wote ni walewale. Jambo hili linatustaajabisha kuliko vikombe: kwamba miguu ileile na barafu ileile, mikononi mwa watu watatu, imekuwa timu tatu zisizofanana.

Kocha Samir, wa kwanza, alikuwa mtu wa kelele. Alirusha kofia, alipiga benchi mateke, na aliwaacha wachezaji wake bora barafuni mpaka wakaishiwa pumzi. Vipindi viwili vya mwanzo tulipaa. Cha tatu tulianguka. Tulipoteza mechi nyingi kuliko tulizoshinda. Lakini ni yeye aliyewafundisha vijana wasiowahi kuona barafu nje ya glasi kusimama juu yake, na bila yeye wawili waliofuata wasingekuwa na wa kumfundisha.

Kocha Radek, wa pili, aligundua kwamba tatizo lilikuwa zamu. Katika mchezo huu wachezaji hubadilishana mchezo ukiendelea, watano wakitoka na watano wakiingia, na kila zamu haifiki dakika. Ugumu ni kwamba aliye barafuni hawezi kuligeukia benchi. Akigeuka, paki imekwenda.

Wakati huo Jerusha alikuwa ameshatufundisha wimbo. Kwao Vihiga huimbwa majirani wanapolima shamba la mtu mmoja: kundi moja linalima, jingine linapumzika kivulini, na kibwagizo kikiisha wanabadilishana. "Uliye juani toka," anaita yeye, nasi tunajibu, "Uliye kivulini ingia!" Tuliuimba nyuma ya goli kwa sababu tu tulikuwa nao. Kocha Radek aliusikia mechi tatu, nne, akimtazama Jerusha badala ya mchezo. Siku moja akapanda ngazi mpaka kwetu na Duncan nyuma yake.

"Anauliza kama kila mara wimbo una urefu huo huo," Duncan akasema.

"Mwambie ukiurefusha, wa juani watakutupia jembe," Jerusha akajibu.

Kocha alicheka, kisha hakucheka tena. Kuanzia mechi iliyofuata wachezaji walibadilishana kwa kibwagizo. Mgeni rasmi, wewe ni mtu wa kazi hii, fikiria mwenyewe. Mwanamke ambaye siku sita sauti yake haivuki "naam" na "hadhir", yaani nipo tayari, mlango wa jikoni umefungwa ili wageni wa baba mwenye nyumba wasimsikie, siku ya saba anafungua kinywa na watu watano wanaruka ukuta kuingia barafuni. Paa liliirudisha sauti yake. Tulio karibu naye tuliitikia kwa kicho.

Kisha ikaja fainali. Shambani mtu akimaliza tuta lake, kiongozi wa wimbo hurudia kibwagizo mara moja kwa ajili ya mama aliyemzaa. Hivyo ndivyo ilivyo, na hakuna aliyewahi kumweleza Kocha Radek, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza. Swala walipofunga bao la kuongoza, Jerusha alirudia kwa ajili ya mama wa mfungaji. Zamu mpya ilikuwa ndiyo kwanza imeingia na paki imeshatupwa. Waliokuwa benchini walisikia kibwagizo kikiisha, wakaruka. Wanne wa barafuni wakatoka, wa tano hakuamini masikio yake, akabaki. Pamoja na kipa, Swala wakawa saba badala ya sita. Mwamuzi akapiga filimbi, mmoja wetu akatolewa kwa dakika mbili, wapinzani wakasawazisha, na mwishowe wakachukua kombe.

Kocha Radek alimfuata Jerusha koridoni. "Mwambie yeye alitimiza desturi yake," alimwagiza Duncan. "Mimi ndiye niliyeijenga timu juu ya desturi nisiyoijua mwisho wake." Jerusha akasema, "Mwambie pole." Kwenye teksi ya kurudi mwenzetu Morgan alijaribu kumchekesha: "Mama, hata marubani hukosea." "Rubani haimbi," akajibu. "Halas. Mimi nimemaliza."

Enzi ya tatu ni yako. Hatutaki kukusifu kwa kuwa umekaa mbele yetu, kwa hiyo tutataja tulichokiona. Hupigi kelele. Uliagiza spika zipige muziki tangu timu inapoingia mpaka mchezaji wa mwisho anapotoka, na zamu sasa zinaitwa na msaidizi wako kwa kugonga ubao. Tangu hapo Swala hawajaadhibiwa hata mara moja kwa kuzidi barafuni. Wakishambuliwa hurudi wote pamoja, kama kitambaa kinachokunjwa na mikono minne. Katika nusu fainali ya mwaka huu, Riyadh, walicheza kipindi cha tatu chote bila kumpa mpinzani nafasi moja ya wazi, na sisi tuliokuwapo tulisahau kupiga makofi. Uamuzi wa spika ulikuwa sahihi. Tungekuwa sisi makocha, tungeufanya.

CHANGAMOTO

Jerusha haji tena uwanjani. Ijumaa huenda Balad, mji mkongwe, akatembea kwenye vichochoro vya maduka, akarudi. Tulipomsihi alisema, "Walinifungia spika. Mtu akifungiwa mlango haendi kubisha." Emmah akamwambia spika hazina jina la mtu. "Zina langu," akasema.

Mgeni rasmi, kwa ukweli amesema sawa. Wewe mwenyewe ulimweleza Titus kwamba zilikuwa za kuuzuia wimbo. Hatukulaumu. Lakini tangu anyamaze sisi pia hatuimbi. Tuliojaribu kuongoza tulisikika kama watu wanaouza samaki.

Mkataba wake unakwisha. Kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, ameshakata tiketi, na baada ya mechi ya Ijumaa ijayo hapa Jeddah hatakuwapo tena. Ataondoka bila kuiona kwa macho yake hata mechi moja ya enzi yako, na atakwenda nyumbani akiamini kwamba jambo la mwisho alilofanya katika nchi hii kwa sauti yake kamili lilikuwa kuiangusha Swala.

OMBI

Tuna ombi moja. Hatuombi wimbo urudi katika mchezo. Tunajua ulikofikisha timu.

Ijumaa ijayo, filimbi ya mwisho ikishalia, tunaomba uamuru spika zizimwe na wachezaji wabaki barafuni. Na kabla ya hapo, leo, kabla hujatoka hapa, tunaomba uende jikoni, mlango wa kushoto, umwambie mwenyewe aje. Kwetu sisi ameshakataa. Duncan atakufuata, ingawa tunadhani hutamhitaji.

Aimbe mara moja, wachezaji wakisikiliza. Saa ya uwanja itakuwa imesimama na waamuzi wameshavua viatu. Hata akirudia kibwagizo kwa ajili ya mama wa kila mmoja wao, hakuna atakayeadhibiwa.

Mungu akuzidishie utulivu wako, awalinde wachezaji na magoti yao, na amfikishe salama kila anayerudi kwao.

Ni sisi, Wakenya Mashabiki wa Swala, matawi ya Riyadh na Jeddah.
Imesomwa na Lois, katibu.