Kuku wa Chenga wa Mama Noela

Ndugu waombolezaji, ratiba mliyogawiwa inasema dada yangu alikuwa "mama wa nyumbani", basi. Aliyeandika hivyo ni wifi yake, Dada Sekela, yule aliyekaa mstari wa mbele. Mie ni Clara, mdogo wa marehemu, nami nausoma wasifu wake kama ulivyokuwa.

Marehemu Apolonia Theonest alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979, Kamachumu, wilayani Muleba. Alisoma huko huko, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997. Hakuwa wa kwanza darasani, na sitasema uongo mbele ya jeneza. Uongo leo una wenyewe.

Mwaka 2001 alikuja Dar es Salaam, akawa karani wa ofisi moja ya uwakala wa forodha Kurasini. Tarehe 18 Septemba 2004 alifunga ndoa na Shemeji Isack, wakajaliwa binti mmoja, Noela. Siku ya kumkaribisha bibi harusi, Dada Sekela alimwambia mbele ya wageni kwamba Mhaya hajui kupika zaidi ya ndizi. Marehemu akacheka. Alikuwa na tabia hiyo mbaya ya kucheka.

Ofisi ilipofungwa mwaka 2016, alianza kukaanga kuku jikoni kwake, Mabibo. Vipande alivilaza kwenye mtindi, akavipitisha kwenye unga, kwenye yai, kisha kwenye chenga za mkate alizozianika mwenyewe. Halafu vilipumzika kwenye friji ili chenga zishike, ndipo vikaingia kwenye mafuta. Sosi ya kuchovya ilikuwa ya ukwaju, kitunguu saumu na pilipili mbuzi. Wanafunzi wa hosteli walifuata harufu mpaka mlangoni. Noela alipokuwa anajifunza, mama yake alimgonga kidogo na mwiko: "Mkono mmoja wa yai, mwingine wa chenga. Ukichanganya, utakaanga vidole." Walicheka hadi chai ikapoa.

Dada Sekela wakati huo alisema ile ni kazi ya mama ntilie, inaaibisha ukoo.

Juni 2024 marehemu alianza kuvimba miguu, ikagundulika ni figo. Noela akashika jiko, na jiko likamtunza yeye na mama yake. Siku chache kabla ya kufariki alituita mimi na Shemeji Isack kitandani, akasema, "Jiko ni la Noela. Asinyang'anywe." Shemeji akaitikia, "Nimesikia, mke wangu." Leo anatazama viatu vyake. Marehemu alifariki dunia hospitalini tarehe 4 Machi 2025, akiwa na miaka arobaini na mitano.

Juzi, msibani, Dada Sekela alitangaza kwamba ndiye aliyemfundisha marehemu ile kazi, kwa hiyo karai, friji na wateja vinahamia kwake Sinza. Akafunga jiko, funguo akatia mkobani. Jana akalifungua ili atukaangie, atuonyeshe ufundi. Mlikuwepo. Alishika yai na chenga kwa mikono yote miwili, kuku akamtupa kwenye mafuta bila kumpumzisha. Chenga zote zikabaki kwenye karai, kuku akatoka uchi. Mzee Polikarpo, jirani yetu, akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, nguo za huyu kuku zimekwenda wapi?" Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia kwenye karai.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, wadogo watatu, na jiko lililofungwa tena jana hiyo hiyo.

Wasifu ukiisha, jeneza hushushwa. Leo halishuki mpaka funguo zitoke kwenye mkoba ule, zipite mkononi kwa Shemeji Isack, zifike kwa Noela, watu wote wakiona. Mie sina haraka, nimevaa viatu vya chini.

Dada, wewe pumzika kwa amani. Sie bado.