Shamba Alilolizoea Radoslav Kutsarov

Ndugu waombolezaji, asubuhi ya tarehe 29 Agosti 2019 Zlatina alikuwa akimenya pilipili hoho alizochoma ili kuzihifadhi kwa majira ya baridi, mikono imejaa masizi, simu ilipoita kutoka uwanja wetu mdogo wa ndege, akaambiwa kwamba mumewe, Radoslav, amegonga waya wa umeme.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 karibu na mji wa Dobrich, akasoma huko hadi sekondari, akahitimu urubani mwaka 1983, na tangu hapo akanyunyizia dawa ngano na alizeti za nchi hii kwa ndege, akiruka chini sana. Mwaka 1987 alimwoa Zlatina, wakajaliwa binti mmoja, Kalina, ambaye naye alishika urubani, mama yake akiwa hajaafiki hadi leo.

Wenzake wanajua kwamba alilitembea kila shamba kwa miguu kabla ya kuruka, kwa kuwa waya hauonekani ukiwa angani, na vijana walimtania, “Mzee Rado, wewe ni rubani au mchungaji?” naye akawajibu, “Mchungaji hufia kitandani, wanangu.”

Siku ile upepo usioruhusu kunyunyizia ulikuwa unakuja, mwenye shamba akihimiza kazi iishe, na Kalina alipouliza, “Baba, hili hulitembei?” alijibu, “Hili nalijua kuliko sebule yangu.” Waya wa umeme wa pampu ya kisima kipya ulikuwa umevutwa wiki hiyohiyo, mwenye shamba hakusema, na marehemu hakulitembea shamba, familia haifichi lolote kati ya hayo mawili.

Ndege ilianguka ikawaka moto, akaungua vibaya, akalazwa hospitalini katika mji wa Varna, akafariki tarehe 14 Septemba.

Jana, maiti ikiwa bado nyumbani, mwenye shamba alikuja kuomba Kalina amalizie kunyunyizia alizeti zilizobaki. Zlatina alisema, “Hutaruka tena, mwanangu.” Kalina akasema, “Mama, nisiporuka nitafanya nini?” Zlatina akamtafutia binti yake viatu vya shambani, na vyake pia, na kesho watalitembea shamba lile wote wawili, mwenye shamba akitangulia kuwaonyesha kila nguzo, ndipo Kalina aamue mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomalizia kumenya zile pilipili, na mafundi wa uwanja wa ndege waliokimbilia shambani wakamtoa kwenye moto kwa mikono yao.

Ngano ya kuchemsha, chakula chetu cha msiba, na maharage viko mezani, karibuni, marubani wetu wote wameketi na Kalina yuko kati yao, leo hakuna aliye angani.

Rado, pumzika sasa kwa amani.